Msikilizaji Hakuitwa

Kila muswada wa habari unapofika Dodoma, wageni ni walewale. Wanatoka Dar es Salaam, zamani kwa basi, siku hizi kwa treni ya SGR, na makabrasha ya mapendekezo ya kifungu kwa kifungu. Wanaingia Ukumbi wa Msekwa, wanazungumza mbele ya kamati, kesho yake wanarudi. Ni mashirika ya habari na ya haki za binadamu, Baraza la Habari, Jukwaa la Wahariri, MISA Tanzania, TAMWA, LHRC: tuna deni la shukrani kwao wote. Hoja ya makala hii ni kwamba miaka yote hiyo mtu anayepokea habari amekuwa nje ya mlango, hata yule anayeishi Bahi, Chamwino au Kongwa, jirani kabisa na Bunge.

Mapambano yenyewe hayakuwa mepesi. Mwaka 2015 miswada miwili, wa huduma za habari na wa haki ya kupata taarifa, iliondolewa baada ya kupingwa. Mwaka uliofuata Muswada wa Huduma za Habari ulisomwa mara ya kwanza Septemba ukapitishwa mwanzoni mwa Novemba. Walioomba muda zaidi hawakuupata. Baraza la Habari, LHRC na mtandao wa watetezi wa haki za binadamu, THRDC, wakaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, ambayo Machi 2019 iliamua kuwa vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Ikapita miaka mingine minne. Juni 2023 Bunge likapunguza adhabu, likaondoa kashfa katika makosa ya jinai, na kumnyang'anya Mkurugenzi wa Idara ya Habari–MAELEZO uratibu wa matangazo ya Serikali. Leseni ya gazeti ya kila mwaka ilibaki, na mamlaka ya waziri ya kuzuia chapisho nayo yakabaki.

Ni ushindi, nami siubezi. Lakini karibu wote ni wa mchapishaji na mwandishi. Mama anayeamia ndege kwenye shamba la uwele kule Mvumi hakuongezewa chochote redioni mwake, na alikuwa ameshapunguziwa.

Januari 27, 2016, Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari, aliliambia Bunge kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Gharama iliyotajwa ni Sh bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani wakachachamaa, polisi wakaingia ukumbini. Kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo hainitoki: kwamba saa za vikao ni saa za kazi. Kweli ni saa za kazi. Bunge la bajeti huanza Aprili, mvua za huku kwetu zinapokatika, likaisha Juni. Ndiyo miezi ya kuamia na kuvuna. Mtu yuko juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, redio ndogo imetundikwa kwenye nguzo. Sijui kazi inayopatana na kusikiliza Bunge kuliko hiyo. Alichopewa badala yake ni kipindi cha usiku kilichorekodiwa, "Leo katika Bunge", saa ambayo yeye amekwisha lala. Siku hizi vikao vinapatikana mtandaoni, kwa mwenye simu janja na bando.

Mwandishi hakupoteza kiti chake bungeni. Nadhani ndiyo maana kelele zetu zilipoa upesi.

Ipo sheria moja ambayo ni ya mwananchi wa kawaida kuliko zote, nayo ndiyo tunayoizungumzia kidogo kuliko zote: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inamruhusu raia kuomba taarifa katika ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Ina kasoro, kubwa ikiwa ni rufaa kuishia kwa waziri. Hata hivyo, katika mji huu wa Dodoma, ambako CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilishika ardhi tangu 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017 ikiandamwa na malalamiko ya viwanja, haki ya kuiona ramani kabla ya greda kufika si jambo la kuachiwa wanasheria. Redio za jamii ndizo zingefundisha watu kuandika maombi hayo, moja baada ya jingine, hewani. Lakini wengi wanaozitegemeza redio hizo ni vijana wasio na stashahada ambayo kanuni zinaidai kwa mwandishi, na katika mapendekezo yetu wao hutajwa mwishoni, kama wanatajwa.

Intaneti ilipozimwa Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, marekebisho ya 2023 hayakumsaidia yeyote, awe mhariri au mkulima. Kwa hiyo sheria hizi zitarudi mezani. Zitakaporudi, tunapendekeza kamati ianze kusikiliza maoni sokoni Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye wanunuzi na wauzaji wa mahindi, alizeti na mtama kutoka wilaya nzima na nje yake, wote wakiishi kwa kujua bei ya leo. Soko liko kando ya barabara kuu ya Morogoro. Kwa miaka yote ya mabasi, wadau wetu walipita hapo wakienda kuwasemea wananchi.