Projekta Haifai Kufungiwa Stoo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya projekta ya shule, ile iliyokuwa ikitumika bwaloni, ambayo tangu muhula uliopita imelala stoo ndani ya sanduku lake, na katika leja imeandikwa kuwa ni mbovu. Mimi nasema si mbovu. Lakini kabla sijaeleza sababu, yanipasa nikiri kosa langu mwenyewe, maana wako wanafunzi ambao mpaka leo wanadhani kosa lilikuwa lao.

Muhula uliopita nilitoa jaribio la hesabu za Fizikia kwa Kidato cha Tatu. Karatasi zilikuwa chache, basi maswali nikayaonyesha ukutani kwa projekta. Siku ile picha ilikuwa na kasoro ambayo sote tulikwisha kuizoea: kila herufi ilikuwa na utepe mwekundu kwa juu na utepe wa samawati kwa chini. Wanafunzi walisema herufi zimeota ndevu, tukacheka, tukaendelea. Niliposahihisha niliona wanafunzi kumi na mmoja wameandika alama ya sawa na mahali pa alama ya kutoa. Niliwakata alama, tena nikawakemea mbele ya wenzao kwa uzembe wa kunakili. Mmoja wao, msichana ambaye hana desturi ya kujitetea, alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, pale ukutani mistari ilikuwa miwili." Nilimwambia akae chini.

Baada ya wiki chache picha ilizidi kuwa mbaya. Ikasemwa kwamba kioo cha ndani kimekufa, na projekta ikapelekwa stoo kungoja fundi kutoka mbali. Fundi hajafika bado.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani Kibondo. Huko kaka yangu nami tuna projekta ya nyumbani, tuliyoinunua kwa mtu baada ya yeye kuitumia miaka kadhaa. Tangu mwaka 2022, Kasulu na Kibondo zilipounganishwa na Gridi ya Taifa na yale majenereta ya mafuta yakazimwa, watu wengi wa kwetu wamepata moyo wa kununua vyombo vya umeme, vipya kwa vikuukuu. Basi jioni ile majirani walikuja kutazama mpira, watoto chini juu ya jamvi, wazee vitini. Mama yangu alitazama kwa muda, halafu akaniuliza, "Mwanangu, mbona kila mchezaji anafuatwa na mwenziwe mwekundu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana wakati uleule nilikuwa nikitazama mistari ya uwanja, na kila mstari mmoja ulikuwa miwili. Nikamkumbuka yule msichana.

Sasa nieleze ugonjwa huu, ili wazazi wasioijua mashine hii wapate kuuelewa. Katika projekta za namna ya kwetu mwanga wa taa ni mweupe, lakini ndani hugawanywa na vioo maalumu kuwa mianga mitatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kila mwanga hupita katika kioo chake kidogo, chenye picha iliyochorwa kwa nukta nyingi sana. Halafu mianga yote mitatu hukutanishwa tena katika prizimu, ikatoka pamoja kwenye lenzi. Yaani unapodhani unatazama picha moja, kwa kweli unatazama picha tatu zilizolaliana. Zikilaliana sawasawa, mahali zinapokutana kwa nguvu sawa huonekana peupe, na mahali zote zinapokosekana huonekana peusi. Lakini kioo kimoja kikisogea kidogo kabisa, labda kwa joto la miaka mingi, labda kwa kutupwatupwa njiani, picha moja haikai tena juu ya wenzake.

Hesabu yake ni rahisi. Projekta ya shule ina nukta 1024 kwa upana. Tukitupa picha yenye upana wa meta mbili ukutani, kila nukta ina karibu milimeta mbili. Sasa chukua alama ya kutoa, kimstari cheusi chenye unene wa nukta mbili. Picha nyekundu ikishuka nukta mbili, pale palipokuwa na mstari mweusi patabaki wekundu peke yake, na chini yake, mahali wekundu unapokosekana, pataonekana samawati. Mstari mmoja mweusi umekwisha kuwa miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa samawati, wenye urefu mmoja, mmoja juu ya mwingine. Ni alama ya sawa na kamili! Msichana yule alinakili kile alichokiona. Aliyekuwa mzembe ni mimi.

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 17 Mei 1861, katika Royal Institution mjini London, James Clerk Maxwell alionyesha picha tatu za utepe wa kitambaa cha mirabaraba, alizopigiwa na Thomas Sutton. Taa tatu, moja nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, zilizitupa picha hizo mahali pamoja, na utepe ukaonekana kwa rangi zake. (Karne moja baadaye wataalamu walionyesha kwamba dawa ya picha ya siku zile haikuweza kuhisi wekundu hata kidogo, na kwamba kilichomwokoa Maxwell ni mionzi isiyoonekana iliyo ng'ambo ya zambarau. Wanafunzi wa Kidato cha Sita wapendao ubishi na waitafute habari hii.) Hata projekta kubwa za zamani, zile zenye macho matatu mbele, zilitaka kupatanishwa rangi zake upya kila zilipohamishwa. Hakuna aliyeziita mbovu kwa sababu hiyo.

Kule Kibondo nilijaribu hivi. Niliiwasha mashine nikaiacha ipate moto nusu saa, kwa kuwa vioo hubadilika kidogo vikipata joto, na ukisahihisha ingali baridi utasahihisha tena baadaye. Nikaiweka sawa mbele ya ukuta, nikazima ule urekebishaji wa kunyosha picha iliyopinda, kwa sababu huo nao huzifanya herufi zififie. Nikarekebisha lenzi mpaka nukta zikaonekana moja moja. Kisha nikaingia katika menyu, na baada ya kupekua sana nikapata sehemu ya kupatanisha vioo. Mashine ikatoa mistari myeupe juu ya weusi, kama karatasi ya grafu. Rangi ya kijani haisogezwi, ndiyo nguzo. Unasogeza nyekundu, juu au chini, kushoto au kulia, kwa hatua ndogo kuliko nukta moja, mpaka imelala juu ya kijani. Kisha unafanya vivyo hivyo kwa buluu. Buluu ilinitoa jasho, maana jicho la mtu huuona vibaya ukingo wa buluu gizani. Mtoto wa kaka yangu, aliye darasa la sita, alisimama karibu na ukuta akiniambia, "Baba mdogo, bado kidogo. Bado. Hapo!" Macho yake yalikuwa bora kuliko yangu. Kazi yote ilichukua saa moja na robo, wala hatukufungua hata skrubu moja.

Sisemi kwamba kila ndwele ina dawa hii. Ikiwa ndevu zinaonekana pembeni mwa picha tu, na katikati ni safi, huenda ni tabia ya lenzi, wala menyu haitakusaidia sana. Ikiwa kioo kimesogea mno kupita kipimo cha menyu, hapo fundi anatakiwa. Tena ziko projekta nyingine zenye kioo kimoja tu, ambazo huonyesha rangi moja baada ya nyingine kwa kasi. Hizo hazina picha tatu za kupatanishwa. Lakini projekta yetu ina menyu ileile, nimeiona katika kitabu chake, nacho kimo ndani ya sanduku hilohilo lililofungwa.

Niliporudi Kasulu niliomba kuijaribu. Nilijibiwa kwa heshima kwamba chombo kilichokwisha kuandikwa kuwa kibovu hakiguswi mpaka fundi akikague, na kwamba wanafunzi wakizoeshwa kushika mali ya serikali wataivunja. Wenzangu waliosema hivi si watu wabaya. Wamekwisha kulipishwa vitu vilivyovunjwa na wengine, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tena ni kweli kwamba taa ya projekta ina joto kali, kwamba si vema kuchungulia ndani ya lenzi inapowaka, na kwamba ukichomoa waya ukutani kabla feni haijamaliza kupoza taa, utaiua taa kabla ya siku zake. Lakini mambo hayo matatu hufundishwa kwa dakika tano. Na chombo kikifungiwa stoo, vumbi jekundu la kiangazi cha kwetu huingia pole pole hata sandukuni. Nani atalipishwa kwa hilo?

Linalonikera zaidi ni hili. Katika Kemia tunawataka watoto watofautishe rangi: mwali wa sodiamu na wa potasiamu, mashapo ya shaba na ya chuma. Dawa hazitoshi wote kujaribu kwa mikono yao, kwa hiyo picha ndiyo msaada wetu. Bila projekta wanakariri majina ya rangi wasizopata kuziona. Na kwa projekta iliyokosa upatanifu, watanakili ndevu. Mambo yote mawili huishia katika mtihani wa Taifa, ambapo hakuna mwalimu wa kumwambia yaliyotokea bwaloni.

Kwa hiyo naleta shauri. Projekta itolewe stoo, iwekwe chini ya mwalimu wa Fizikia. Wachaguliwe wanafunzi wanne, wawili wavulana na wawili wasichana, waandike katika daftari saa za taa kila inapowashwa, wasafishe kichujio cha vumbi kila mwezi, na wapatanishe rangi mwanzoni mwa muhula. Wale kumi na mmoja nimekwisha kuwarudishia alama zao, nikawaomba radhi mbele ya darasa lilelile nililowakemea. Yule msichana nimempendekeza awe wa kwanza katika hao wanne, kwa kuwa ndiye aliyeuona ugonjwa kabla yangu, akausema.

Nimemwandikia Mkuu wa Shule kuomba ufunguo wa stoo kwa Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, saa nne asubuhi. Mzazi yeyote mwenye projekta iliyoota ndevu na aje nayo siku hiyo, pamoja na waya wake na rimoti yake; maana nyingine hazifungui menyu bila rimoti, na rimoti za Kasulu hupotelea mikononi mwa watoto.

Mwalimu wa Fizikia