Buku tano kwa mwalimu, baba mdogo unalia nini?

Baba mdogo kanipigia juzi usiku kutoka Kisondela. Kwanza akaniambia ng'ombe anaumwa, kisha mvua haikatiki (Tukuyu na mvua, utadhani ni habari mpya), ndipo akafika kwenye shida yenyewe. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji. Ajenda ni kupandisha mchango wa shule ya msingi kutoka buku mbili kwa kaya kwa mwezi hadi buku tano. Hela hiyo inawalipa watu wanne: walimu wawili wa kujitolea, mpishi wa uji na mlinzi. Yeye atapinga, na anataka mimi "mwandishi wa magazeti" nimuunge mkono.

"Si rais ameshawaongezea walimu mishahara? Nimesikia kwa masikio yangu redioni."

Ni kweli kasikia. Mei Mosi 2025 pale Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka sh 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Sina ugomvi na hilo, na halikuja kirahisi. Mwaka 2010 TUCTA walidai kima cha chini kiwe sh 315,000. Kikwete akawaambia wazee wa Dar kwamba serikali haina ubavu huo, na kama kura za wafanyakazi zina sharti hilo, basi bora azikose. Julai 2012 CWT wakaitisha mgomo wakidai nyongeza ya asilimia 100. Sisi watoto tulishinda tukicheza chandimu na kuomba mgomo uendelee! Siku chache tu, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikausimamisha, walimu wakarudi na chaki zao.

Sasa sikiliza, baba mdogo. Tangazo la Singida halimgusi hata mmoja kati ya wale wanne. Hawana cheki namba. Hazina haiwajui. Mwalimu wa kujitolea ana cheti cha chuo kama mwenzake aliyeajiriwa, anafundisha darasa lilelile, anasahihisha madaftari yaleyale, na mwisho wa mwezi anapewa elfu hamsini, tena ikipatikana. Kamati inaomba apewe laki moja na ishirini. Hiyo haifiki hata robo ya kima cha chini cha serikali. Hapo ndipo wazee wamekunja ndita?

Wadau, nchi hii ina ugonjwa wa kutafuta mwalimu wa bei poa. Azimio la Musoma la 1974 liliposema watoto wote waingie shule, wamaliza darasa la saba wakafanywa walimu. Walijituma, wengine ndio waliowafundisha wazazi wetu kusoma, lakini shukrani waliyopata ni mzaha: UPE, "Ualimu Pasipo Elimu". Miaka ya 2000 shule za kata zikachipuka kama uyoga, vijana wa form six wakapigwa msasa wa wiki chache na kutupwa madarasani. Tukawaita "voda fasta", tukacheka tena. Sasa zamu ni ya wa kujitolea. Huyu hata jina la utani hatujampa. Tumempa elfu hamsini.

Hoja nzito ya baba mdogo ni kwamba elimu ni bure. Naikubali nusu. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na Januari 2018 Magufuli akaja juu kuhusu michango shuleni, kwa haki kabisa, maana kuna watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kisa mzazi hajalipa. Mtoto yeyote akirudishwa kwa ajili ya buku tano hii, nitakuwa wa kwanza kuliandika gazetini. Asiye nacho asamehewe. Lakini ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ya vitabu, chaki na ukarabati. Mshahara wa mtu humo unauchomoa wapi? Na serikali kuajiri ni wajibu wake, tuendelee kuipigia kelele usiku na mchana. Ila mtoto aliye darasa la tatu leo hawezi kusubiri kibali cha ajira huku akikaa bila mwalimu wa hesabu.

Halafu tusidanganyane kuhusu umaskini. Sisi Wanyakyusa tunajulikana kwa misiba. Msibani ng'ombe anaangushwa, ndizi zinapikwa masufuria kwa masufuria, daftari la rambirambi linajaa kabla ya jioni. Sijawahi kumsikia mzee akiuliza kwa nini serikali haichangii. Lori la ndizi linaondoka kwenda Dar, parachichi zinanunuliwa mpaka mlangoni, chai inachumwa. Buku tano ni chupa ngapi za bia pale Tukuyu mjini? Baba mdogo anajua kuliko mimi.

Hofu moja tu ninaiheshimu: kwamba hela zitaliwa. Hiyo mzee hajaibuni, tumeshaona. Basi dawa yake iwe kwenye azimio lenyewe. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi, na walipwaji wenyewe wasaini mbele ya wajumbe wawili wa wazazi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, si wa mwenyekiti na rafiki zake. Simama, dai hilo, halafu nyoosha mkono kukubali.

Niliyasema haya yote kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akasema nimeharibiwa na mji, akaomba nimtumie hela ya dawa ya ng'ombe. Nimemtumia, na nimeongeza elfu kumi na tano ya miezi mitatu ya mchango wa kaya yake, nikamwandikia ni ya nini ili isigeuke kimpumu.

Nyinyi wa Kisondela mliopo Mbeya, Dar na kwingineko, mkutano ni Jumamosi saa nne. Pigeni simu nyumbani leo.