Korongo Halijui Mpaka: Tuitazame Ardhi Yetu Kutoka Juu

Bwana mkulima, na wewe mama mkulima, korongo lililo katika shamba lako yamkini halikuanzia hapo, wala halitaishia hapo. Hilo ndilo neno letu la mwezi huu, na shahidi wetu ni picha zinazopigwa kutoka angani.

Watu wa Nyeri si wageni wa picha hizo. Mashamba yalipokusanywa na kupimwa katika miaka ya 1950, wenye mashamba walihimizwa kupanda ua katika mipaka yao. Ua ulipokua, ulionekana katika picha za eropleni, na ramani za mashamba zikachorwa kwa kuufuata. Lakini eropleni haikupiga picha ya ua peke yake. Ilipiga pia njia za miguu, mito, barabara, na kila mahali palipochimbwa na maji. Mtu akigombana na jirani yake juu ya mpaka wa futi mbili, hukimbilia ramani. Udongo wake ukichukuliwa futi kumi, hakimbilii popote. Je, hasara kubwa ni ipi?

Itazameni Gakindu, huko Mukurweini. Nchi ile ni ya vilima vyenye miteremko mikali, udongo mwekundu, mibuni na majani ya ng'ombe, na vijito kila bondeni. Mashamba mengi yamekatwa kama vipande virefu vyembamba kutoka mgongo wa kilima mpaka mtoni. Mtu akisimama katika kipande chake huona jirani wawili na kilima cha ng'ambo, basi. Maji ya mvua hayatembei kwa hesabu hiyo. Huanza juu barabarani, hushika njia ya ng'ombe, hupita mpaka wa watu wawili ambapo hapana mtu anayepalilia, kisha huingia shamba la tatu yakiwa na nguvu za kubomoa. Mwenye shamba la tatu hulaumu mvua.

Ninyi wa skimu mnaweza kusema, "Hayo ni mambo ya kule vilimani, sisi tulipewa nchi ya wazi." Ni kweli kwamba ardhi ya Kieni, kama Naro Moru au Endarasha, si mikali kama ya Mukurweini. Lakini mashamba ya skimu, tangu mpango ule wa eka milioni moja ulipoanza mwaka wa 1962, yalikatwa katika mashamba makubwa, na mara nyingi mstari wa mpaka ulinyooshwa bila kufuata mgongo wa nchi. Barabara nazo zilifuata mipaka. Barabara inayoshuka mlima moja kwa moja ni mfereji ambao hakuna aliyekusudia kuuchimba. Tena nchi ya wazi hudanganya, kwa sababu mteremko mrefu usio mkali hukusanya maji mengi kabla ya mtu kuyaona.

Sasa, picha ya kutoka juu huonyesha nini? Korongo huonekana kama mzizi wa mti wenye matawi. Shina liko chini mtoni, na ncha za mizizi zinapanda kilima. Ncha hizo ndizo vichwa vya korongo. Maji huanguka hapo kama maporomoko madogo, huchimba chini ya ukingo, ukingo huanguka, na kichwa husogea juu hatua kwa hatua. Kwa hiyo korongo hukua kwa kupanda, ingawa maji yake hushuka. Ukitaka kujua litafika kwa nani mwakani, usitazame chini ya mlima, tazama juu ya kichwa chake. Na ukiweka picha mbili za mahali pamoja, ya zamani na ya sasa, utaweza kupima limesogea futi ngapi.

Kazi ya namna hii imefanywa katika nchi yetu wenyewe. Machakos ilijulikana katika miaka ya 1930 kama nchi iliyoharibiwa kabisa na mmomonyoko. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walilinganisha habari za miaka mingi, pamoja na picha za eropleni za mwaka wa 1948 na za miaka ya baadaye, wakatoa kitabu chao mwaka wa 1994. Walikuta kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hata hivyo ardhi ilikuwa imetunzwa vizuri zaidi kuliko zamani. Matuta ya fanya juu yalikuwa yameenea mahali palipokuwa patupu. Basi asikwambie mtu kwamba wingi wa watu ndio unaomaliza udongo. Picha zilimkatalia.

Kondoa, huko Tanzania, njia ilikuwa nyingine. Makorongo yalikuwa makubwa hata serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka wa 1973, na mwaka wa 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lile lililoharibika. Majani yakarudi. Lakini fikirini bei yake: mtu kuambiwa aondoe ng'ombe wake wote. Anayengoja mpaka korongo liwe bonde hujiletea dawa kali.

Tunajua kwamba wako wazee ambao wakisikia habari za matuta na macho ya serikali, mioyo yao hukataa. Wana sababu. Kazi ya matuta katika miaka ya 1940 ilikuwa ya lazima, na mwaka wa 1947 watu wa Murang'a waliigomea. Wakati wa Hali ya Hatari ililazimishwa tena. Makosa yale hayakuwa katika tuta. Yalikuwa katika kumfanya mkulima mtumwa wa tuta katika shamba lake mwenyewe. Ndiyo sababu twasema picha isikae ofisini ikawa fimbo ya kumpigia mtu. Iletwe barazani, itandazwe mezani, wenye mashamba wenyewe waisome. Na kichwa cha korongo kikionekana kwa fulani, asishtakiwe, kwa maana huenda maji yanayomchimba yametoka kwa watu ishirini walio juu yake.

Picha pia ina mambo isiyoyaona, na ni vizuri kuyajua. Katika picha ya setilaiti ambayo kila nukta yake ni mita 10 za ardhi, mfereji wa upana wa mita moja hauonekani. Chini ya mibuni na migrevilea hakuna jicho la angani linalofika. Korongo likianza, huwa jembamba kiasi cha kuvukwa na mtoto, na wakati huo ndio rahisi kuliponya. Kwa hiyo picha hukuonyesha mteremko mzima, lakini ni miguu yako itakayokuonyesha mwanzo wa hatari. Tembea shambani mvua inaponyesha, wala usingoje ikome. Hapo utaona maji yanatoka wapi.

Maoni yetu basi ni haya. Tuache kupigana na korongo shamba moja moja. Mtu akichimba mfereji wa kukinga maji na kuyaelekeza kwa jirani, hakuponya korongo, amelihamisha. Serikali ya Kenya yenyewe ilijifunza hivyo. Mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo ulianza mwaka wa 1974 kwa kumshauri kila mkulima peke yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukageuka kufanya kazi kwa mteremko mzima, pamoja na kamati zilizochaguliwa na wakulima wenyewe. Skimu nzuri ya leo ingefanya vivyo hivyo, bila kungoja kuamriwa.

Fanyeni hivi. Kwanza, wenye mashamba ya mteremko mmoja wakutane, kuanzia aliye mgongoni mwa kilima mpaka aliye mtoni. Picha si ngumu kupata. Picha za setilaiti hutazamwa bure kwa simu ya kijana yeyote, na ofisi ya upimaji ya serikali huko Ruaraka ina picha za eropleni za zamani. Pili, tieni alama kila kichwa cha korongo na kila kalvati inayomwaga maji shambani. Tatu, anzeni kazi juu: mfereji wa kukinga maji, matuta, na njia moja ya maji iliyopandwa majani na kukubaliwa na wote. Kisha shukeni na vizuizi vya mawe na vijiti ndani ya korongo, na nepia au mianzi kando yake. Anayeanza chini, mvua ya kwanza humbomolea kazi yote.

Nne, pelekeni picha hiyo kwa afisa wa kilimo na kwa wahandisi wa barabara. Neno la mkulima mmoja kwamba "barabara yenu inanimaliza" husahauliwa upesi. Picha yenye alama na majina ya watu ishirini ni vigumu kuisahau. Barabara ikijengwa kwa kodi ya wote, haifai maji yake yamalize shamba la mmoja.

Udongo unaotoka Mukurweini huenda Tana mpaka bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka wa 1981, ukatua humo kama matope. Hakuna mkulima aliyewahi kuurudisha kutoka huko. Mvua za masika huanza Machi. Kutaneni kabla yake, maana korongo halitangoja mkutano wenu.