Shule Haina Aljebra, Ukumbi Upo

Mwaka 1982, mjini Cambridge, Massachusetts, Robert Moses alikuta shule ya binti yake Maisha haifundishi aljebra darasa la nane. Ubao hakuuonea haya. Baada ya kupigania haki ya Wamarekani Weusi kupiga kura huko Mississippi, alikuwa amefundisha hisabati Same, Tanzania, hadi familia iliporejea Marekani mwaka 1976. Mwalimu wa darasa akamkaribisha, naye akaketi na Maisha na wenzake wachache kuwafundisha. Hapo ndipo ulipoanzia Algebra Project, mradi uliokuja kuenea katika shule nyingi.

Miaka zaidi ya 40 baadaye, wazazi wengi wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Marekani wanasema: shule ya mtoto haina darasa la hesabu za juu, basi mashindano ya hisabati si yake.

Karatasi za mashindano zenyewe hazisemi hivyo. AMC 8, mashindano ya hisabati ya Marekani kwa wanafunzi wa hadi darasa la nane, ina maswali 25 ya kuchagua jibu, dakika 40, bila kikokotoo, na jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Mengi yanapima uwiano, uwezekano, maumbo na namna ya kuhesabu bila kurudia. Kwa mfano: watu 10 wanapeana mkono wa Idi, kila mmoja na kila mwenzake mara moja. Wamepeana mikono mara ngapi? Mwenye haraka atajibu 90. Aliyetulia ataona kwamba mkono wa Asha na Juma umehesabiwa mara mbili, kwa hiyo ni 45. Hapo hapana x wala y.

Kinachohitajika ni mazoezi ya namna hii, tena ya pamoja. MATHCOUNTS, mashindano ya darasa la sita hadi la nane, ina raundi ambayo watoto wanne hushirikiana kutegua maswali 10 kwa dakika 20. Mtoto aliyejifungia chumbani hawezi kujifunza kubishana juu ya hesabu.

Jumuiya ina wahandisi, wahasibu na wanafunzi wa vyuo. Jumamosi, kwenye ukumbi wa jumuiya, wadogo wakiwa kwenye somo la Kiswahili, wakubwa wapewe saa moja na nusu: maswali manne ya mitihani iliyopita, kila mtoto aeleze njia yake ubaoni, na aliyekosea aandike daftarini alipoteleza. Nyumbani kuna Alcumus, programu ya bure ya mazoezi.

AMC 8 hufanyika Januari, na MATHCOUNTS hupokea hata mwanafunzi ambaye shule yake haikujisajili. Wazazi waanze kuulizia tarehe za usajili mapema, shule zinapofunguliwa.