Mji Mkongwe wa Bukoba: Tutapita Tu Mpaka Lini?

Wanachuo wenzangu, naomba niulize. Ni wangapi kati yetu tumeshafika Mji Mkongwe wa Zanzibar au Bagamoyo kwa ziara ya masomo? Wengi. Haya, ni wangapi tumewahi kusimama mbele ya Duka Kubwa pale Bukoba tukajua tunachokitazama? Hapo kimya.

Hata mimi nilikuwa mpita njia. Nimezaliwa Muleba, na Bukoba kwangu ilikuwa stendi, soko na samaki wa kuchoma ufukweni basi. Likizo ya mwaka jana babu akaniambia, "Mjukuu wangu, twende nikuonyeshe mji." Tukapanda Hiace asubuhi, tukaanzia kando ya ziwa kwenye majengo ya Mjerumani. Kwamba Emin Pasha alianzisha kituo hapa mwaka 1890 nilikuwa nimesoma. Babu alinisimulia ya 1915, alivyoyasikia kwa baba yake: Juni ile Waingereza walishuka kutoka ziwani, wakabomoa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakapora mji, wakaondoka zao. "Vita yao, mji wetu," akasema.

Wapo wanaosema majengo hayo ni ya mkoloni, acha yaanguke. Nakataa. Kuta zile ni ushahidi wa yaliyotupata, siyo sifa za aliyezijenga. Tena historia yetu haianzi na Mjerumani. Katuruka, kule Maruku, mababu zetu waliyeyusha chuma karibu miaka 2000 iliyopita. Ukiona vyote viwili ndipo unaielewa Bukoba.

Ila muda hausubiri mtu. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi Kagera kwa sekunde chache tu. Na wazee nao wanaondoka. Babu alifariki miezi miwili baada ya safari yetu. Siku ile simu ilikuwa mkononi. Nilipiga selfi tatu, sauti yake sikurekodi hata dakika moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi: ziara ijayo iwe Bukoba na Katuruka. Kila mmoja arudi na picha ya jengo moja na sauti ya mzee mmoja, tuviweke maktaba. Na wewe ambaye babu au bibi yako bado yupo, usisubiri ziara. Mpigie leo jioni, muulize, mrekodi.