Jembe Lisiwe Adhabu, Bustani Isimwache Mtoto Nje



Wengi wetu tulioko seminarini tulilijua jembe kama adhabu. Shuleni, aliyechelewa namba asubuhi alipimiwa eneo la kulima, na aliyepiga kelele darasani alitumwa kumwagilia bustani ya mwalimu. Tukakua tukiamini kwamba kushika udongo ni malipo ya kosa. Leo tunasimama mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu na kuwahimiza watunze kazi ya uumbaji, kisha tunashangaa kwa nini hawavutiwi.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika likizo moja tulikwenda kigangoni kupanda miti pamoja na watoto. Miche ilitosha, majembe tuliazima, na mpiga picha alikuwepo. Kila mtoto alipewa mche wake, isipokuwa mmoja aliyekuwa katika kiti cha magurudumu. Hatukumfukuza. Tulimpa kazi ya kulinda viatu vya wenzake chini ya mwembe, naye akavilinda mpaka tulipomaliza. Tuliporudi wakati wa kiangazi, karibu miche yote ilikuwa imekauka, kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa kuimwagilia. Nyumbani kwa yule mtoto ni hatua chache kutoka kwenye bomba la kanisa.

Tunaona sasa kwamba mambo hayo mawili, miche kukauka na mtoto kuachwa kando, yalitokana na kosa moja. Tulipanda kwa ajili ya tukio, hatukupanda kwa ajili ya watoto.

Maandiko Matakatifu yangetusahihisha mapema. Katika kitabu cha Mwanzo, mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza katika sura ya 2, kabla ya dhambi ya sura ya 3. Jasho na miiba vilikuja baadaye. Kazi ya bustani yenyewe ni wito wa kwanza wa mwanadamu, na anayeigeuza kuwa adhabu anamfundisha mtoto kinyume cha Maandiko. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 211, anaonya kwamba elimu ya mazingira hukwama inapoishia kutoa taarifa bila kujenga mazoea mema, na kwamba sheria peke yake hazitoshi.

Mazoea hayo hayajengwi kwa semina ya siku moja. Hujengeka mtoto anaporudi kwenye tuta lilelile kila wiki. Mchicha humpa mavuno ya kwanza baada ya wiki tatu au nne tu, muda ambao hata mtoto mdogo anaweza kuusubiri. Akifukua mboji aliyoitengeneza kwa maganda ya ndizi na majani makavu, atakuta nyungunyungu wakifanya kazi, naye ataelewa kwa macho yake kwamba kinachooza kinalisha kinachoota. Mfano wa mpanzi ataupokea akiwa na udongo kuchani.

Bustani ya namna hiyo ina nafasi ya kila mtoto, tukiipanga vizuri. Mboga zikipandwa katika magunia au matuta yaliyoinuliwa, na njia ikiwa pana na ngumu, mwenye kiti cha magurudumu atapanda na kuvuna. Asiyeona atatambua mchaichai, mrehani na mnanaa kwa kunusa na kugusa. Kiziwi atajifunza kama wenzake iwapo mlezi ataonyesha kwa mikono na kujifunza walau alama chache. Mwenye ulemavu wa akili apewe kazi moja iliyo yake, kama kumwagilia kwa kopo, airudie mpaka aimudu. Mwenye ualbino afanye kazi asubuhi na mapema au kivulini, akiwa na kofia pana na mikono mirefu.

Wapo wazazi watakaosema kwamba hawakumleta mtoto kanisani ili alime. Wana sababu, kwani wameona shule ambako watoto hulima na wakubwa hula. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yake. Mahali pengi tulibaki na shamba, elimu ikapotea. Basi watoto wenyewe waamue wapande nini, na mavuno yaende kwenye sahani zao, na fungu moja kwa wagonjwa wa Jumuiya.

Gharama isiwe kisingizio. Magunia machache, mbegu, samadi na ndoo vinatosha kuanza nyuma ya kanisa. Kwetu waseminari, saa ya kazi za mikono itakuwa na maana zaidi tukiitumia kujifunza kuongoza bustani kama hiyo, maana kesho tutakabidhiwa parokia zenye watoto hawa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo jambo moja. Kabla ya kuchimba tuta la kwanza, piteni nyumba kwa nyumba mkaulize ni mtoto gani hafiki kwenye mafundisho, na kwa nini. Mkimpata, mwiteni achague mahali pa kuweka gunia la kwanza. Asipewe tena viatu vya kulinda.