BOSNIA: NANI MWENYE NYUMBA?

Wenye fedha wa Ulaya watafutapo mahali pa kuweka rasilmali zao huuliza kwanza kodi ni kiasi gani, kisha huuliza fedha ya nchi ina nguvu gani. Kwa maswali hayo mawili Bosnia na Herzegovina yajibu bila kusitasita. Kodi ya faida ya makampuni ni asilimia 10, upande huu wa nchi na upande ule. Fedha yake, maki, imefungwa kwa Yuro: maki 1.95583 kwa Yuro moja, na kabla ya Yuro ilikuwa sawasawa na maki ya Kijerumani. Mgeni aweza kumiliki kampuni. Nchi ina misitu, makaa ya mawe, chuma, na mito yenye nguvu ya kuendesha mitambo ya umeme. Na watu wake si wageni wa viwanda. Waliyeyusha chuma Zenica tangu enzi za Yugoslavia, ile nchi ya Tito iliyowakaribisha Belgrade mwaka 1961 viongozi wa mataifa yasiyofungamana na upande wowote.

Basi kwa nini rasilmali zaja kwa kudonadona, na vijana wa Bosnia wafunga mizigo kwenda Ujerumani, Austria na Slovenia? Sisi twasema sababu haimo katika kodi. Imo katika swali la tatu, ambalo mwenye fedha huliuliza kwa sauti ya chini, kahawa ikiisha: Nani mwenye nyumba hii?

Na tuhesabu. Nchi yenye watu kama milioni 3.5, kwa hesabu ya mwaka 2013, ina serikali 14. Juu kabisa wamo Marais watatu, Mbosniaki (hao wengi wao ni Waislamu), Mkroatia na Mserbia, wanaopokezana uenyekiti kila miezi 8. Chini yao lipo Baraza la Mawaziri. Kisha nchi imekatwa pande mbili, Shirikisho na Republika Srpska, kila upande na Rais wake, Bunge lake na mawaziri wake. Shirikisho nalo limekatwa majimbo 10, na kila jimbo lina Bunge na mawaziri. Iko na wilaya ya Brčko, inayojitawala peke yake. Mawaziri wa elimu wamejaa majimboni, lakini Waziri wa Elimu wa nchi nzima hayupo!

Sasa mtu atakaye kujenga bwawa la umeme na aende huko na makaratasi yake. Sheria ya vibali vya namna hiyo iko ya nchi, iko ya kila upande, na majimbo yana zake. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2020, iliiweka Bosnia ya 184 kati ya nchi 190 kwa urahisi wa kuanzisha biashara. (Taarifa hizo zenyewe zilikomeshwa mwaka 2021 baada ya kuonekana kwamba baadhi ya takwimu zake zilichezewa, lakini mwenye duka wa Sarajevo hahitaji Benki ya Dunia imwambie alipanga foleni mara ngapi.)

Wako wanaocheka habari hizi. Sisi hatucheki. Muundo huo ulitoka katika vita ya 1992 hadi 1995, iliyoua watu kama laki moja. Huko Srebrenica, Julai 1995, wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa kwa siku chache. Watu waliotoka katika damu ya namna hiyo kila mmoja ataka kura ya turufu mkononi, asije akatawaliwa na aliyemwua ndugu yake. Mapatano yalifikiwa Novemba 1995 katika kambi ya ndege za kijeshi karibu na mji wa Dayton, Marekani, yakatiwa saini Paris Desemba 14. Katiba ya nchi ni kiambatisho cha 4 cha mapatano hayo. Wananchi hawakuipigia kura.

Juu ya serikali zote 14 akawekwa mgeni, aitwaye Mwakilishi Mkuu. Tangu Desemba 1997 amepewa uwezo wa kutunga sheria kwa kalamu yake na kumfukuza kiongozi aliyechaguliwa na watu. Wasomaji wetu wanamjua mtu wa namna hiyo bila kuelezwa. Mwaka 2004 Mwingereza Paddy Ashdown aliwafukuza viongozi na maofisa wapatao 60 kwa siku moja. Hata Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, Katiba ilikataza asiwe mwananchi wa Bosnia.

Haki lazima isemwe. Fedha ile imara ililelewa na magavana wageni. Mgeni ndiye aliyeamuru mwaka 1998 namba za magari ziwe za namna moja, zikatumia herufi zinazofanana katika maandishi ya Kilatini na ya Kisirili, ili mtu aweze kuvuka upande wa pili bila gari lake kumsaliti. Hayo yalikuwa mema. Lakini mema ya kufanyiwa yana gharama yake. Mwanasiasa ajuaye kwamba jambo gumu litaamuliwa na mgeni huliacha jambo gumu, akaenda kwenye mkutano kuchochea watu wake dhidi ya jirani zao. Ugomvi ukafika mahakamani: Februari 2025 Milorad Dodik, Rais wa Republika Srpska, alihukumiwa kwa kukaidi maamuzi ya Mwakilishi Mkuu, na Agosti hukumu ikathibitishwa, akapoteza cheo. Mwenye fedha akitazama hayo hawezi kujua sheria ya mwaka ujao itatoka kwa nani.

Na wako wananchi waliofungiwa nje kabisa. Dervo Sejdić ni Mroma, Jakob Finci ni Myahudi. Katiba yaruhusu Urais kwa makabila matatu tu, hivyo hawa wawili hawawezi hata kugombea. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwapa ushindi Desemba 22, 2009. Katiba bado haijarekebishwa. Sisi twauliza: nchi inayomkataa mzaliwa wake kwa damu yake yamwahidije mgeni kwamba atatendewa haki kwa fedha yake?

Twaambiwa Umoja wa Ulaya uliamua Machi 2024 kufungua mazungumzo ya kuipokea Bosnia. Vema. Lakini Brussels haiwezi kuwa mwenye nyumba wa pili. Wabosnia wenyewe hawana budi kuanza, na pa kuanzia papo: ardhi. Mali ya Serikali iliyorithiwa kutoka Yugoslavia, viwanja, misitu, kambi za zamani za jeshi, ilizuiwa kuuzwa kwa amri ya Mwakilishi Mkuu mwaka 2005, mpaka iamuliwe ni ya nani. Mahakama ya Katiba imesema ni ya nchi nzima. Banja Luka yasema kila upande uchukue iliyo kwake. Viwanja vingapi vya viwanda na barabara vimelala humo!

Tena mwaka 2008 mataifa yanayosimamia mapatano yale yaliweka masharti ya kuifunga ofisi ya Mwakilishi Mkuu, na kugawanya mali hiyo kwa makubaliano ni moja ya masharti. Basi wale wapigao kelele kila siku kwamba mgeni aondoke, na wale wasemao nchi yao ni moja isiyogawanyika, wote wawili wanao ufunguo mfukoni. Wakae meza moja, watunge sheria ya ardhi, waipitishe katika Bunge lao.